Sukari Guru ya Mtoto Kannan

Mwaka ule mvua za mwezi wa Karkidakam zilinyesha kama zimetumwa. Zilianza alfajiri, zikapumzika adhuhuri watu wapate kuanika nguo, kisha zikarudi kabla nguo hazijakauka. Nyumba ya Bi Kamalakshi ilinuka ukungu na nazi, na ndani yake, akitembea taratibu kutoka jikoni hadi barazani na kurudi, alikuwemo Sulochana, mke wa mwanawe: mwanamke mnene, mzuri wa uso, na mwenye njaa.

Haikuwa njaa ya kukosa. Mchele ulikuwepo, ndizi za kukaanga zilikuwepo, fenesi lilikuwa limelala kona ya jiko likinukia. Njaa ya Sulochana ilikuwa ya kujitakia, na hiyo ndiyo mbaya zaidi, kwa maana chakula kipo na kinakuita kwa jina lako.

Chanzo chake kilikuwa mzani. Zamani kidogo, Sulochana aliugua homa ya matumbo, akakonda hata mumewe Divakaran na Bi Kamalakshi wakawa wanamgeuza kitandani kwa shuka, kama watu wanaokunja nguo. Daktari akaacha kuwatazama machoni. Siku hiyo Bi Kamalakshi alitoka hospitalini peku, akaenda moja kwa moja hadi hekalu la Kannan, yaani mungu Krishna angali mtoto, yule mwizi wa siagi, akasimama mlangoni na kumsemesha kama anavyosemeshwa mtoto wa jirani.

"Nirudishie huyu," alimwambia. "Ukinirudishia nitampima kwenye mzani wako, na uzito wake wote nitakupa sukari guru."

Sulochana akapona. Nadhiri ikangoja. Mara Divakaran hana likizo kule Maskati, mara paa linavuja, mara goti la bibi limevimba. Na katika kungoja huko Sulochana akanenepa, kwanza kidogo, watu wakamshukuru Mungu, halafu zaidi, watu wakaacha kushukuru na kuanza kusema. Sasa macho ya Bi Kamalakshi yalikuwa yameingia ukungu, moyo wake ukirukaruka mapigo, na alikuwa amesema hataki kufa na nadhiri shingoni. Mwezi ujao, sikukuu ya kuzaliwa Kannan, Sulochana atapimwa. Likizo ya Divakaran ipatikane isipatikane.

Mzani wenyewe unaning'inia kwa minyororo kwenye boriti ya hekalu. Mtu huketi kwenye sahani moja kama anayekaa kwenye bembea. Sahani ya pili hujazwa sukari guru, donge baada ya donge, mpaka miguu ya aliyekaa iachane na sakafu. Na watu, ambao siku ya sikukuu hawana la kufanya, huhesabu kwa sauti.

Hicho ndicho alichokiogopa Sulochana. Kukaa pale, mbele ya kila aliyewahi kumwazima kisu au kumuuliza hali, na kusikia hesabu ikienda, ikienda, ikikataa kwisha. Kuna wakati alijiombea homa imrudie, kisha akaona haya kwa ombi hilo.

"Shoga, mwaka huu hakuna atakayekunywa chai tamu!" alimtania Bhargavi, jirani yao, akipita na mwavuli. "Sukari guru ya wilaya nzima inaishia kwako!"

Bhargavi hakuwa mtu mbaya. Mdomo wake tu ndio haukuwa na breki. Divakaran, kwenye simu, yeye aliuliza kwa upole, "Umepungua kidogo lakini, eti?" na upole huo ulimchoma kuliko utani wa Bhargavi.

Basi Sulochana akaenda kwa Sheeja. Huyu alikuwa mwanamke mwembamba kama kijiti cha ubani, aliyewauzia wanawake wanene unga wa kijani kwenye kopo, na maneno makali bure.

"Asubuhi kijiko kimoja na maji ya uvuguvugu, dada. Mchana hivyo hivyo. Jioni tango."

"Na wali?"

"Wali ni adui yako."

Kwetu watu wakikutana njiani huulizana kama wameshakula wali, ndiyo salamu yenyewe. Kumwambia mtu wa hapa kwamba wali ni adui ni kama kumwambia asisalimiwe tena. Sulochana akanunua kopo.

Siku za mwanzo zilikuwa tamu, nisiwafiche. Njaa ina ulevi wake. Alijiona anatembea juu kidogo ya sakafu. Mvua ilishuka polepole, akaona kila tone lilivyokuja peke yake, likiwa na nafasi yake. Minazi iliinama kana kwamba inataka kumwambia jambo, kisha ikasahau. Alipojinyoosha mchana aliota mzani unaning'inia kutoka mawinguni, na yeye ndani yake mwepesi kama ua la asumini, na upande wa pili donge moja tu, na watu chini wameshasahau kuhesabu wanazungumza habari nyingine kabisa. Aliamka akitabasamu. Akapika wali wa mama mkwe, akakaanga, akasaga, akapakua, asiguse hata punje.

Sukari guru ilikuwa imeshanunuliwa mapema, kabla mafuriko hayajakata barabara. Ilikaa kwenye chumba cha ghala, chumba cha mbao kisicho na dirisha, ndani ya jungu kubwa la shaba, imefunikwa kitambaa cheupe na juu yake jani la mrehani. Kitu cha mungu hakiguswi. Hata ua la kupeleka hekaluni hulinusi, maana ukilinusa umeshamtangulia mwenyewe. Sulochana alilijua hilo tangu hajaota meno.

Lakini mwenye njaa hana miiko. Ilikuwa saa ya usingizi wa mchana, Bi Kamalakshi akikoroma, mvua ikipiga vigae. Sulochana alikuwa ametoka kusaga mchele wa maandazi ya asubuhi, mikono yake yote miwili myeupe kwa rojo hadi vifundoni. Harufu ya sukari guru ikapita chini ya mlango wa ghala, ikaja jikoni, ikamshika kiuno. Nitaangalia tu kama sisimizi hawajaingia, alijiambia. Akapiga magoti mbele ya jungu. Akafunua kitambaa. Akamega.

Donge la kwanza lilikuwa tamu. Sasa hapa wembamba wanisikilize, kwa sababu hawalijui: yaliyofuata hayakuwa na utamu wowote. Hakuwa anakula kwa ladha. Mkono ulikwenda na kurudi kama mkono wa mtu mwingine, yeye akiutazama kwa mbali, na ndani ya kichwa chake kulikuwa kimya. Bhargavi alinyamaza. Sheeja alinyamaza. Hesabu ya watu wa hekaluni ilinyamaza. Kulikuwa na giza, na mvua, na kutafuna, na ukimya uliokuwa mpana na wenye joto, na Sulochana akaelea humo mpaka tumbo lilipomuuma akazinduka.

Ndipo alipouona mkono wake wa kulia umeganda utamu mpaka kwenye kucha. Aibu ikamwagika juu yake kama maji ya baridi. Akakita ngumi ya kushoto sakafuni, akajiinua kwa uzito wake wote, akatoka haraka bila kutazama nyuma. Kesho sili hata tango, aliapa.

Na kesho hakula hata tango. Kwa hiyo keshokutwa harufu ilimwita mapema zaidi. Alivyozidi kujinyima ndivyo alivyozidi kuliangukia jungu, na alivyoliangukia jungu ndivyo alivyojiongezea adhabu, akizunguka humo kama ng'ombe wa kinu cha kukamulia mafuta. Sheeja alimpima, akakuta ameongezeka, akatikisa kichwa.

"Huna nia, dada. Unga wangu haujawahi kushindwa." Akamuuzia kopo la pili.

Ghalani, kama wasemavyo, chovya chovya humaliza buyu la asali. Sukari guru ilishuka chini ya ukingo wa jungu. Sulochana alikuwa akitafuta uongo wa kusema, sisimizi, panya, unyevu, hadi asubuhi moja Bi Kamalakshi alipoingia na taa ndogo ili abadilishe jani la mrehani.

"Sulochana! Sulochana wee! Njoo uone mguu!"

Alikimbia na moyo mkononi. Bi Kamalakshi alikuwa amechuchumaa na goti lake bovu, taa mkononi. Kwenye sakafu nyeusi, mbele ya jungu, palikuwa na alama nyeupe, ndogo, iliyopinda kidogo upande mmoja. Mguu wa mtoto mchanga. Na mwingine pembeni yake, uliofifia.

Kila mtoto wa kike wa hapa anajua miguu ile. Siku ya kuzaliwa Kannan wanawake huchovya ubavu wa ngumi katika rojo ya mchele na kugonga sakafuni, gonga, gonga, nyayo ndogo kutoka langoni hadi ndani, ili mtoto aione njia ya kuingilia. Lakini sikukuu ilikuwa bado. Hakuna aliyegonga.

Sulochana alitazama ngumi yake ya kushoto. Rojo huwa haionekani ikiwa mbichi gizani. Hujitokeza ikikauka.

"Amekuja mwenyewe," Bi Kamalakshi alisema, machozi yakimtiririka huku anacheka. "Hakungoja mzani. Ona, kafunua kitambaa! Ona alivyomega! Mwizi huyu! Mwizi wangu wee!"

Sulochana alifungua mdomo. Akauona uso ule wa kizee, uliokuwa ukisubiri kifo kwa mpangilio tangu mwaka jana, umekuwa uso wa msichana. Akaufunga mdomo wake.

Kabla ya adhuhuri mtaa mzima ulijua. Bhargavi, mwenye macho mazima, aliinama akaona hata vidole vitano, ambavyo ngumi haina. Wanawake walikuja na maua na taa za mafuta, wakaviacha mlangoni mwa ghala, wakazungumza kwa kunong'ona. Sulochana aliwaandalia chai. Waliombariki walimbariki kwa kuwa anaishi nyumba moja na muujiza.

Aliapa hatalikanyaga tena lile ghala. Aliendelea na unga wa kijani, na sasa alikuwa na siri juu ya njaa, mizigo miwili, na wote mnajua mtu mwenye mzigo hutafuta pa kuutua. Mchana mmoja nyumba ilipolala alijikuta ameshapiga magoti, mikono ingali na rojo ya mchele. Taa zilikuwa zinawaka. Maua yalikuwa yanamtazama. Alikula huku analia, na katika ule ukimya akamwona, au aliota, hakujua: mtoto mweusi wa samawati, kama Kannan wa hekaluni, kakaa kando ya jungu, mashavu yamejaa, kidevu kinanata. Mtoto alimwangalia bila kushangaa. Kisha akasogea kidogo kumpisha, kama watoto wanavyosogezana kwenye sinia.

Asubuhi Bi Kamalakshi alikuta miguu mipya, akaimba.

Ingeendelea hivyo mpaka sikukuu, na labda nisingekuwa na kisa cha kusimulia. Lakini Bhargavi alikuwa na ugonjwa wa sukari. Mguu wake wa kulia ulikuwa na kidonda kisichotaka kufunga, na ameumezea vidonge mpaka amevichoka. Jioni moja alikuja akichechemea kwenye matope, akafunga mwavuli wake, akaketi mlangoni mwa ghala na uso wa mtu aliyeamua.

"Bi Kamalakshi, nimefikiri. Alichoonja mtoto kinakuwa tabaruku, si ndiyo? Nipe donge moja kila siku hadi sikukuu. Nitapona."

"Na vidonge vyako?"

"Vile? Nimevitupa kisimani. Dawa mbili hazikai tumbo moja."

Bi Kamalakshi aliona hoja hiyo ni nzuri kabisa. Aliingiza mkono junguni, akachagua donge kubwa kwa kulipapasa, akamkabidhi. Bhargavi akalipokea kwa mikono miwili, akaligusisha kwenye paji la uso. Sulochana alikuwa amesimama na birika. Aliuona ule mguu uliofungwa kitambaa, maji ya kidonda yamepenya. Akaliona donge likishuka kutoka kwenye paji la uso kuelekea mdomoni.

"Usile!" Birika likamponyoka. "Dada Bhargavi, usile. Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Mimi ndiye ninayekula. Mchana, mkiwa mmelala. Kannan hajaja. Hii," akainua ngumi yake ya kushoto, "hii ndiyo miguu yake. Najishikilia hapo nikiinuka. Mwili mzito."

Bhargavi akalitazama lile donge kama mtu aliyeshika chura.

"Makombo!" alisema. "Nimepigia magoti makombo! Siku zote hizi nawasha taa, mafuta yangu, maua yangu, kumbe nasujudia tumbo la Sulochana!"

"Nisamehe. Ila kachukue vidonge vingine. Leo hii, tafadhali, usingoje kesho."

"Usinifundishe!" Bhargavi alishika mwavuli wake, akasahau kuufungua, akatoka akiloa. Lakini alielekea upande wa duka la dawa, sio nyumbani kwake.

Walibaki wawili. Bi Kamalakshi alikuwa bado ameketi kando ya jungu, mikono mapajani. Ule uso wa msichana uliondoka mbele ya macho ya Sulochana, kidogo kidogo, ukabaki uso wa mwanamke mzee sana. Sulochana alisubiri. Alikuwa tayari kwa matusi, kwa kurudishwa kwao, kwa lolote.

"Ulikuwa na njaa?" Bi Kamalakshi aliuliza.

Katika maneno yote aliyojiandalia, hilo halikuwemo. Mume hakuwahi kuuliza. Sheeja hakuuliza. Yeye mwenyewe hakuwa amejiuliza. Sulochana akateremka chini sakafuni, kwenye chai iliyomwagika.

"Ndiyo, Mama. Kila siku."

"Ndani ya nyumba yangu?"

"Nilitaka kupungua kabla ya mzani. Niliona aibu watahesabu."

Bi Kamalakshi alianza kulia, si kilio cha muujiza, kile cha kweli, kisicho na sauti. "Mimi naona unakataa wali," alisema, "nikadhani ile homa imerudi. Usiku nasikiliza unavyopumua. Kila siku nakuona unakwenda tena kule kwenye kifo, na mimi sina nadhiri nyingine ya kuweka."

Kisha akashika ukuta, akainuka, akaingia jikoni ambako hakuwa amepika tangu macho yaliposhindwa. Alipika wali wa majimaji, chumvi imezidi, na chatini ya nazi na pilipili iliyosagwa nusunusu. Akapakua majani mawili ya mgomba. Wakala mlango uko wazi, kwenye mwanga, wakiwa wamekaa mbavu kwa mbavu. Sulochana aliumwa na kila tonge mwanzoni. Halafu mahali fulani katikati ya jani alihisi kitu ambacho kilimchukua muda kukitambua: alikuwa ameshiba. Wali ulikuwa umebaki, naye hakuutaka.

"Na ile sukari guru?" aliuliza.

"Ile haifai tena kwa mungu. Tutaila sisi. Kwenye chai, mchana kweupe. Na wewe ukisikia inakuita, niamshe twende wote."

Sitawadanganya kwamba mambo yalinyooka siku hiyo. Mara mbili kabla ya sikukuu Sulochana alijikuta ghalani peke yake. Mara ya pili alikwenda kumwamsha bibi kama alivyoambiwa, na bibi akaja akikuna kichwa, akaketi naye, wakala kidogo, wakaongea habari za kuku. Unga wa kijani wa makoponi wakawamwagia hao kuku, nao wakaukataa.

Siku ya kuzaliwa Kannan hekalu lilijaa hadi nje. Wengi walikuja kumwona mwizi, si yule wa siagi, huyu wa ghalani. Sukari guru mpya ilikuwa imerundikwa kwenye mikeka, na Bhargavi alikuwa mbele kabisa, mguu umefungwa kitambaa kisafi, mdomo uko tayari. Sulochana alipokanyaga ile sahani minyororo ililia. Akaketi. Akafumba macho.

Wakaanza kuweka. Hesabu ikaenda. Ikapita pale ambapo waungwana hunyamaza. Sahani haikutikisika. Mtu mmoja nyuma akacheka, wa pili akamfuata, na Sulochana akauhisi ule ukimya wa ghalani ukimwita, ule mpana, wenye joto, akatamani kuufuata.

"Ongeza!"

Ilikuwa sauti ya Bi Kamalakshi. Haikuwa na kikohozi wala uzee.

"Ongeza! Mnaogopa nini? Mimi nilimbeba huyu kwa shuka! Hakuwa na uzito wa paka! Ongeza, waone wote nilichorudishiwa! Ongeza!"

Kicheko kikakatika. Donge likawekwa. "Ongeza!" Jingine. Mwanamke mmoja akaanza kuitikia, kisha wawili, kisha hata Bhargavi, kwa maana alishindwa kukaa kimya palipo na kelele, na kila donge lililoshuka likapokelewa kwa vifijo, kama mtoto anayetajiwa jina. Sulochana akafumbua macho. Aliona uso wa yule bibi kipofu nusu umegeukia upande wake, unang'aa, umejaa majivuno, unamhesabu. Sahani ikaanza kutikisika chini yake, vidole vyake vya miguu vikabaki vinagusa tu, na Sulochana, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, akatamani angekuwa mzito zaidi kidogo, ili sauti ile isiishe.